Nani analala Eastleigh?

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 261,855 katika Kamukunji, eneo la Nairobi ambamo Eastleigh imo pamoja na Pumwani, Majengo na jirani zake. Sensa ya 2019 ikahesabu 268,276. Miaka kumi mizima, watu 6,421 tu wameongezeka. Ndani ya miaka hiyo hiyo Nairobi yote ilitoka 3,138,369 ikafika 4,397,073, ongezeko la asilimia 40. Kamukunji haikufikisha hata asilimia tatu.

Yeyote aliyewahi kukwama ndani ya matatu ya namba 6 au 9 pale First Avenue saa kumi na moja jioni atazikataa tarakimu hizi kabla hajamaliza kuzisoma. Huu ni mtaa ambao katika muongo huo huo nyumba za zamani zenye ua wa ndani zilikuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine, kiwanja kinazungushiwa mabati, na mwaka unaofuata ghorofa la orofa nane limesimama. Watu wameongezeka vipi kwa kipimo cha kibaba namna hiyo? Wako wanaosema makarani wa sensa walifanya kazi ovyo. Wako wanaosema wakazi walijificha. Kuna maelezo ya tatu ambayo hayasemwi sana, kwa sababu tumezoea kuuzungumzia mtaa huu kwa jina moja la Mogadishu Ndogo, na jina hilo likishatajwa hesabu yote hugeuka kuwa swali la Wasomali ni wangapi.

Hayo maelezo ya tatu ndiyo naona yana uzito zaidi, na yanaanzia kwenye kanuni ya sensa yenyewe. Kenya humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2009 na 2019 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Kijana anayeuza viatu Jam Street tangu asubuhi hadi taa ziwashwe, kisha akapanda gari kwenda Kayole, ni mtu wa Kayole. Mama wa Mathare anayevuka Juja Road kila alfajiri kwenda kufua na kupika kwenye nyumba za Section One ni mtu wa Mathare. Wamama wanaouza maziwa ya ngamia yanayoletwa kwa basi kutoka Isiolo, Wameru wanaopokea miraa kutoka Nyambene, mafundi cherehani, wapakuzi wa marobota, makanga, wote hao hujaza mtaa mchana, na wengi wao jioni huwa wa kwingineko. Mfanyabiashara aliyekuja kutoka Kampala au Arusha kununua jumla, akalala gesti siku mbili na kurudi kwao, hana nafasi kwenye picha ya mtaa isipokuwa usiku wa sensa umkute pale.

Wakati huo vitanda vyenyewe vimekuwa vikipungua. Mfano unaojulikana zaidi ni Garissa Lodge. Ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi waliofika kutoka Somalia walikodi vyumba pale, wakaanza kuuza nguo humo humo chumbani. Mchana bidhaa zimetandazwa kitandani, usiku bidhaa zinafungwa na watu wanalala. Biashara ikaishinda nyumba. Vyumba vikawa maduka matupu, wenye maduka wakatafuta pa kulala kwingine, na wawekezaji wakaona njia. Ndipo yakaja majengo yaliyochorwa tangu mwanzo yawe na vibanda vidogo vidogo vya kuuzia, Amal Plaza na mengine yaliyofuata, yaliyojengwa kwa fedha za ukoo, za jamaa walioko ughaibuni, na za ayuuto, ule mchango wa mzunguko ambao Mkikuyu au Mluhya angeuita chama na asione tofauti yoyote. Leo nafasi katika jengo la aina hiyo hupatikana kwa gudwili, fedha ya kuingilia ambayo mtu hulipa kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza, na kwa majengo yanayotamaniwa ni fedha ya kununua nyumba.

Ardhi inapokuwa na bei hiyo, anayelala juu yake huondoka. Wasomali wenye uwezo wamehamia South C, Pangani, Kilimani. Wapangaji wasio na uwezo, wa kila kabila, wamesogea Huruma, Kayole na mbele zaidi. Ni kweli maghorofa ya kuishi nayo yamejengwa, tena mengi, na kwa hiyo sisemi kwamba tarakimu ya 2019 ni sahihi kabisa. Nasema sehemu kubwa ya kitendawili chake inafumbuliwa na biashara, kabla hatujafika kwenye siasa.

Ushahidi wangu ni Mei 2020. Serikali ilipofunga Eastleigh kwa sababu ya korona, watu wasiingie wala kutoka kwa mwezi mzima, walioathirika mara moja hawakuwa wakazi peke yao. Wauza duka wa miji ya mbali walikosa mzigo. Vibarua waliokuwa nje ya kizuizi walikosa kazi, na waliokuwa ndani walikosa wateja. Mtaa wenye hao wanaolala tu haufanyi hivyo ukifungwa. Kufungwa kule kulionyesha kwamba Eastleigh ina watu wa aina mbili, wanaolala na wanaokula kwayo, na kwamba vitabu vya serikali vinawajua wale wa kwanza tu.

Sasa tuje kwenye kabila, maana ndilo swali ambalo wengi hufika nalo.

Hakuna tarakimu rasmi ya makabila ya Eastleigh. Jedwali la makabila la sensa ya 2019, lile linaloonyesha Wakikuyu 8,148,668 na Wasomali 2,780,502, ni la nchi nzima. Mtu anayekuambia kwamba mtaa una asilimia kadhaa za Wasomali anakisia, hata akiwa na nukta ya desimali. Tulicho nacho ni historia ya viwanja na mlango kwa mlango wa wapangaji, na hiyo inaeleza mengi kuliko asilimia.

Mtaa ulianzishwa rasmi mwaka 1921, katika jiji ambalo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiligawa kwa rangi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi penye ubaridi. Mashariki, kwenye ardhi tambarare ya udongo mweusi unaogeuka tope mvua ikinyesha, waliachiwa Wahindi, na pembeni yao Waafrika katika Pumwani. Eastleigh ikawa kwa miaka mingi mtaa wa Wahindi hasa: makarani, mafundi, wenye maduka madogo. Lakini Wasomali walikuwepo tangu siku hizo. Hawa walikuwa wa koo za Waisaaq na Waharti, watu waliofika Afrika Mashariki kupitia Berbera na Aden wakiwa askari, waongozaji wa misafara na wafanyabiashara wa mifugo. Sheria ya 1919 iliwapa nafuu fulani ya kutohesabiwa sawa na wenyeji wengine, na katika miaka ya 1930 Waisaaq walipigania kitu kinachoshangaza hadi leo. Walidai watozwe kodi kubwa zaidi, ile ya Wahindi. Hawakuwa wapumbavu. Walijua kwamba katika Kenya ile safu uliyoandikwa ndiyo iliyoamua hospitali utakayolazwa, behewa utakalopanda na mahali utakaporuhusiwa kujenga, na kodi ilikuwa bei ya safu.

Natumia mfano huu makusudi, kwa sababu unamkanusha anayedhani Msomali aliingia Eastleigh mwaka 1991 akiwa na godoro kichwani. Ziko familia za Kisomali Nairobi ambazo ni za zamani kuliko uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958, na kabla ya Embakasi ndege za Nairobi zilitua hapo hapo Eastleigh, palipo kambi ya jeshi la anga leo.

Baada ya uhuru Wahindi walianza kuondoka, wengine wakielekea Ngara na Parklands, wengine Uingereza. Walionunua nyumba zao walikuwa hasa Wakikuyu. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 na 1980 Eastleigh ilikuwa na wenye nyumba Wakikuyu, wapangaji wa kila namna, Wakamba, Waluo, Waluhya, Waborana, na kundi la Wasomali ambalo halikuwa limeondoka. Waethiopia nao walianza kuingia baada ya mapinduzi ya 1974 na mauaji yaliyofuata, Waamhara na Waoromo, kisha Waoromo wengine wengi baada ya 1991. Waeritrea wakaja pia. Ukitaka kuona tabaka hizi zilivyolaliana, tazama nyumba za ibada. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Teresa liko mtaani, na msikiti wa Sixth Street ni miongoni mwa misikiti inayojaza waumini wengi Nairobi. Hakuna aliyepanga mchanganyiko huo. Umetokana na watu kuuziana nyumba.

Mwaka 1991 ndio unaohitaji kuangaliwa polepole, kwa sababu mambo mawili yalitokea na sisi tunakumbuka moja. Januari, serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Kenya iliwaelekeza kambini, Ifo, Dagahaley na Hagadera kule Dadaab, na kuanzia 1992 Kakuma. Wenye jamaa, wenye akiba au wenye ujasiri walipita wakaja Nairobi. Hilo kila mtu analijua. Lakini mwishoni mwa mwaka huo huo Kenya iliondoa hali ya hatari iliyokuwa imewekwa kaskazini mashariki tangu Desemba 1963, wakati wa vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya. Kwa karibu miaka 28 raia wa Kenya wa Garissa, Wajir na Mandera walikuwa wameishi chini ya sheria ambazo raia wa Nyeri au Kakamega hakuwahi kuzijua. Kizuizi kilipoondolewa, nao walifanya kile ambacho Wakenya wengine walikuwa wakikifanya tangu uhuru: walikuja jijini kutafuta riziki.

Mikondo miwili, basi, ikamwagikia mtaa mmoja ndani ya miaka michache. Koo zilikutana: Waogaden wa Garissa, Wadegodia wa Wajir na Wagarre wa Mandera kwa Wahawiye wa Mogadishu na Wamajerteen wa Kismayu. Wanaongea lugha moja na kusali pamoja, lakini hawachanganyani wenyewe kwa wenyewe jinsi wanavyochanganywa na sisi. Waliotoka Somalia wana jina la utani kwa ndugu zao wa Kenya: masijui, kwa jinsi wanavyopachika Kiswahili kila mahali. Na tangu miaka ya 2000 limeongezeka kundi la tatu, vijana waliozaliwa au kukulia London, Minneapolis na Toronto, wengine wamerudi na mitaji, wengine wametumwa na wazazi wao warekebishwe tabia, dhaqan celis. Hao wana pasipoti za Magharibi na Kisomali chenye kigugumizi. Kwenye jedwali la sensa watawekwa wapi? Kwa jina la ukoo ni Wasomali, kwa pasipoti ni Waingereza, kwa kodi wanayolipa ni wapangaji wa Section Two.

Ndiyo maana neno la mtaa wa wahamiaji linanikera kidogo linapotumiwa kwa Eastleigh bila kufafanuliwa. Wengi wa wanaoitwa wahamiaji walihama kutoka kaunti moja ya Kenya kwenda nyingine. Mluhya aliyetoka Bungoma akapanga Umoja haitwi mhamiaji.

Hapa sasa siasa inaingia, na hapa ndipo wale wanaosema wakazi walijificha wana hoja. Mtu wa Eastleigh amefundishwa na serikali kwa muda mrefu kwamba kuhesabiwa ni hatua ya kwanza ya kukamatwa. Mwishoni mwa 1989 Wasomali wa Kenya wote waliofika umri wa utu uzima waliamriwa wajitokeze wakaguliwe uraia, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo hakuna Mkenya mwingine aliyetakiwa kuwa nayo. Novemba 2012 matatu ililipuliwa mtaani, watu wakauawa, na kesho yake vijana wakavamia Wasomali na mali zao kana kwamba abiria waliokufa hawakuwa majirani zao pia. Mwezi uliofuata serikali ikaamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kilienda mahakamani, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaitupilia mbali amri hiyo. Haikupita mwaka. Milipuko ya mwisho wa Machi 2014 ilifuatwa na msako wa Usalama Watch, ambapo maelfu walikamatwa, wakapelekwa kupembuliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwemo raia wenye vitambulisho na akina mama wenye watoto wachanga.

Fikiria basi karani wa sensa akibisha hodi miaka mitano baadaye, usiku, na kuuliza: humu ndani mmelala wangapi, na kila mmoja ni kabila gani? Sijui ni wangapi walipunguzwa kwenye jibu. Wala si lazima mtu awe hana karatasi ndipo apunguze. Inatosha awe na mpwa anayesubiri kadi yake ya ukimbizi.

Na ikiwa Eastleigh ilihesabiwa pungufu, kaskazini ilituhumiwa kinyume chake. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa Agosti 2010, Wasomali walikuwa 2,385,572, na waziri wa mipango, Wycliffe Oparanya, akafuta matokeo ya wilaya nane, tano za kaskazini mashariki na tatu za Turkana, akisema watu wameongezeka kupita uwezo wa kuzaa. Serikali ilisikika ikisema wazi kwamba Wasomali ni wengi kuliko wanavyopaswa kuwa. Lakini miaka yote hiyo iliwanyima vijana wa huko vitambulisho mpaka wapite mbele ya kamati ya kuwapembua, utaratibu ambao ulitangazwa kufutwa Februari 2025 tu. Nchi inamhesabu mtu kisha inamwambia hayupo, halafu inashangaa akijiandikisha kwingine. Maana maelfu ya raia wa Kenya wa Garissa na jirani walijiandikisha Dadaab kuwa wakimbizi miaka ya njaa, ili wapate mgao wa chakula na shule, na alama za vidole vyao zikawafunga nje ya uraia kwa miaka mingi. Wakati huo wapo waliozaliwa Mogadishu wenye vitambulisho vya Kenya, vilivyopatikana kwa njia ambazo kila Mkenya anazifahamu na hakuna haja ya kuzieleza. Ukichukua orodha ya wakimbizi na ukachukua orodha ya raia, zote mbili zina watu wa upande wa pili.

Kwa hiyo nikiulizwa muundo wa Eastleigh ukoje, kabila ni kitu cha pili nitakachotaka kujua. Cha kwanza ni karatasi. Mwenye duka Msomali mwenye kitambulisho na mwenye nyumba Mkikuyu wanashirikiana mengi kuliko mwenye duka huyo na binamu yake asiye na kadi, ambaye hawezi kufungua akaunti ya benki, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na ambaye hulipa kitu kidogo kila anapokutana na askari baada ya magharibi. Mworomo aliyekaa mtaani miaka ishirini kwa barua ya ukimbizi yuko kundi moja na huyo binamu. Mpaka wa kweli wa mtaa unapita hapo, na haupiti kwenye safu ya kabila ya dodoso.

Mpaka huo unaweza kusogea hivi karibuni. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aache hadhi ya ukimbizi kwa hiari yake na kudai haki zinazotokana na mkataba wa Jumuiya. Sheria ilipopitishwa iliwahusu Warundi, Wasudani Kusini na wenzao. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili. Kwenye karatasi, mtu aliyefichwa usiku wa sensa ya 2019 anaweza kuwa mwaka 2029 mwananchi wa Jumuiya anayeishi na kufanya kazi Nairobi kwa haki, sawa na Mtanzania anayeuza vitenge mlango wa tatu. Serikali ya Kenya haijaonyesha haraka ya kulitekeleza hilo kwa Wasomali, na usalama ndio utakaotajwa kuwa sababu kila litakapoulizwa. Waethiopia na Waeritrea wao hawamo kabisa, kwa kuwa nchi zao haziko kwenye Jumuiya. Itakuwa ajabu ya Eastleigh iwapo, baada ya miaka yote ya kuitwa Mogadishu Ndogo, wageni watakaobaki wageni kisheria watakuwa ni Waoromo wa mtaa wa nyuma, ambao hakuna gazeti lililowahi kuwapa jina.